Kiti Ambacho Pasta Hakukikalia

Unga wa mbao ukichanganyika na oili chafu hutoa harufu ambayo sijapata kuisahau. Nimeikuta Lubumbashi, nimeikuta Tabora na Mwanza, nyuma ya gereji hii au ile, na kila mara miguu yangu imesimama yenyewe kabla sijajua kwa nini. Kwangu hiyo ni harufu ya Jumapili. Kanisa letu la Buyenzi, pale Bujumbura, lilikuwa ua wa gereji. Siku za kazi mafundi walifungua injini na kumwaga oili ovyo. Jumamosi jioni sisi watoto tulibeba magunia ya unga wa mbao kutoka kwa seremala wa jirani, tukaumwaga juu ya madoa yale meusi na kuukanyaga kwa miguu mitupu mpaka ushikane, ili kina mama watakapokaa kwenye mikeka wasichafue vitenge vyao. Asubuhi jua lilipopiga mabati, harufu ilipanda pamoja na nyimbo, na mpaka leo sijui kuimba vizuri mahali panaponukia maua.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Rajabu, Mwislamu wa Buyenzi tangu enzi za babu yake, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma na ulimi usiolala. Alituazima ua bila masharti. "Jumapili wateja hawaji," alisema. "Kuliko panya watawale, bora muje mumutaje Mungu. Ila mukiimba vibaya nitawafukuza!" Mchungaji wetu, Pasta Sefania, alikuwa fundi wake wa rejeta. Juma zima alikaa na moto wa kulehemu mkononi, na Jumapili alivaa koti la kahawia lililompita mabega, vidole vikiwa na makovu ya kuungua. Hakuwa mhubiri wa kutisha. Alisema polepole kama mtu anayetafuta tundu la rejeta kwa kidole, na alipolipata alinyamaza kidogo, nasi tukajua kwamba neno limefika.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili, na vita vilikuwa vimezoeleka kiasi kwamba milio ya bunduki kutoka milima iliyo juu ya mtaa wa Gihosha haikumkatiza mtu sala. Lakini kanisa lilipungua. Waliokuwa wakiteremka kutoka Gihosha waliacha kuja, kwa kuwa njia haikuaminika. Wengine walihama mtaa, wengine wakavuka mipaka bila kuaga. Tukabaki familia chache, karibu zote za watu wa ng'ambo ya ziwa, kutoka Uvira na Fizi. Petroli ilikuwa adimu kwa sababu ya vikwazo vya nchi jirani, magari yaliyoharibika yaliachwa yaoze kwenye nyua, na fundi wa rejeta asiye na rejeta hana chakula. Hayo tuliyaona kwenye koti la Pasta, lililozidi kumpwaya.

Mbele ya kanisa, karibu na meza iliyokuwa mimbari yetu, palikuwa na kiti. Kilikuwa kiti cha mbele cha gari lililokufa zamani, chenye ngozi nyekundu, nacho Mzee Rajabu alikuwa amekichomelea miguu ya chuma. Kilikuwa kiti cha mgeni. Askofu aliahidi kututembelea kabla vita havijaanza, na kila Jumamosi tulikifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, tukakiacha kiking'aa. Askofu hakuja. Pasta hakukikalia hata mara moja. Alisimama tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na miguu ilipomchosha aliegemea nguzo ya mabati, na hakuna aliyeona ajabu. Mchungaji husimama, ndivyo tulivyojua, kama nguzo yenyewe inavyosimama.

Ibada ilipokwisha tulipeana mikono kwa mstari. Pasta alitangulia mlangoni, wa kwanza akamshika mkono na kusimama kando yake, wa pili akawashika wote wawili, hivyo hivyo mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Nilipenda mstari ule kwa sababu nilikuwa nyuma ya mama yangu na nilisikia kila neno. Hakuna aliyempa Pasta mkono mtupu. "Pasta, uniombee mugongo." "Pasta, bwana yangu hajarudi tangu juzi." "Pasta, mutoto anaota vibaya." Naye kwa kila mmoja alijibu, "Nimekuweka moyoni." Nilikuwa nikijiuliza moyo huo una ukubwa gani.

Mama alikuwa mkuu wa kina mama wa kanisa. Aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni na alikuwa na huruma isiyo na mipaka, ila aliamini jambo moja ambalo kanisa zima liliamini: kwamba mchungaji hasifiwi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ukimwambia Pasta kwamba amehubiri vizuri, utamtia kiburi, na Mungu atamwacha. Kwa hiyo tulipokuwa nyumbani tulirudia maneno yake kwenye chakula, mama akatikisa kichwa kwa furaha na kusema, "Yule mutu, eh!" Lakini mbele yake tulifunga midomo, tukidhani tunamlinda.

Mvua za kwanza zilipoanza, Mama Pasta, mke wa Pasta, alikuja kwetu mchana. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Alikataa chai, akasema, "Mama Riziki, mi sikuje kuomba kitu. Bwana yangu amechoka. Kaka yake wa Kigoma anatuita twende. Yeye anasema atabaki, kama angalau angejua kazi yake inamufaa mutu mumoja." Mama alicheka, kicheko cha upendo mtupu. "Pasta achoke? Mutumishi wa Mungu hachokake! Umuambie tunamuombea. Akituacha, sisi tutaenda wapi?" Mama Pasta aliutazama mchele wangu kwa muda, akaaga. Hata mimi niliona kwamba alikuja na swali na ameondoka nalo.

Haikupita muda vita vikawaka ng'ambo pia. Watu wakavuka kutoka Uvira na mabunda kichwani, na mmoja wao akaleta habari kwamba mama yake Pasta alifia njiani, wakikimbilia milimani, akazikwa kando ya barabara na watu wasiomjua. Kisha mpaka ukafungwa. Pasta Sefania, aliyekuwa amezika wafu wetu wote, hakuweza kwenda kumzika mama yake.

Tulikwenda matangani kanisa zima. Tulibeba kuni, sukari na mikeka, kama ilivyo desturi, tukajaa uani kwake. Kisha tukakaa kimya tukingoja. Kwetu hakuna mkutano ulioanza kabla mchungaji hajafungua kwa maombi, na hakuna aliyethubutu kumtangulia. Pasta alikuwa amejiinamia pembeni, macho yamemvimba. Kimya kilipozidi, mama akasema kwa heshima zote, "Pasta, tumefika wote. Utufungulie." Naye akainuka. Akafunga vifungo vya lile koti, akasimama katikati yetu, akaanza kutufariji sisi kwa kifo cha mama yake. Akakohoa, akaanza tena.

Hapo ndipo tuliposikia mkokoteni. Mzee Rajabu aliingia akiusukuma mwenyewe, jasho linamtiririka, na juu ya mkokoteni kilikuwa kile kiti chekundu. "Munafanya nini?" alifoka. "Mutu amefiwa, munamusimamisha? Hata kama ni mukubwa wenu! Kinyozi hajinyoi, hamujui?" Mama alijaribu kueleza kwamba kiti kile ni cha askofu. "Askofu akikuja atakaa kwa bega yangu," alijibu Mzee Rajabu, na mtu mmoja akashindwa kuzuia kicheko katikati ya msiba. Akakiteremsha, akakiweka chini ya ukuta, akamshika Pasta mkono. "We, Sefania. Kaa. Leo usituambie kitu ya Mungu. Utuambie mama yako alikuwa mutu gani."

Pasta akakaa. Nakumbuka alivyokaa ukingoni kwanza, kama mtu aliyekalishwa kwenye gari la mtu mwingine, kisha akaegemea, mabega yakashuka, akalia. Alipoweza kusema alitusimulia kwamba mama yake alikuwa akisuka mikeka na kuimba kwa pua, na kwamba alimfundisha kusoma ingawa yeye mwenyewe hakujua, kwa kumwambia tu, "Rudia, nasikia umekosea." Sisi watoto tulitazamana. Haikuwahi kutujia kwamba Pasta alikuwa na mama. Alipomaliza hakuna aliyejua la kufanya, maana hakuna aliyewahi kufungua maombi mbele yake. Mwishowe Mzee Rajabu akakunjua viganja vyake akamwombea marehemu kwa maneno machache, na kanisa zima likaitika "Amina" kwa sauti ambayo gereji haikuwahi kuisikia.

Ningependa kuandika kwamba tulijifunza. Kiti kilirudi kwenye ua, kikarudi kuwa cha askofu, nasi tukarudi kukifuta. Pasta alirudi kwenye nguzo yake. Mstari wa mikono ukarudi na migongo na ndoto na waume wasiorudi. Ilipofika kiangazi, Jumapili moja alimshika kila mtu mkono kama kawaida, labda kwa muda mrefu zaidi kidogo. Jumatatu Mzee Rajabu alikuja kutuambia kwamba Pasta na mkewe wamekwenda Kigoma. Pasta alikuwa amemwomba asitangaze kabla hawajaondoka. Mama alikaa chini palepale mlangoni na sinia la ndagala mapajani. Maneno yake ya mwisho kwa mtu yule, siku ile ya mstari, yalikuwa, "Pasta, uniombee muguu." Mguu ulipona. Mama aliyabeba maneno hayo mpaka alipofariki.

Kanisa lilitawanyika kabla mvua hazijarudi. Mimi nilimaliza sekondari, nikaanza maisha ya kuhamahama ambayo sijaweza kuyaacha. Miaka mingi baadaye njia zangu zilinifikisha Kigoma, nikamtafuta Pasta, nikamkuta Mama Pasta peke yake, amezeeka. Mumewe alikuwa amekwisha kufa. Aliziba rejeta mpaka mwisho, akawa anakaa viti vya nyuma katika makanisa ya watu. Alipoulizwa kwa nini haongozi tena alijibu kwamba alipewa kundi dogo na hata hilo dogo likamshinda. Nilimwambia Mama Pasta kwamba mama yangu alikata roho akisema sala aliyofundishwa Buyenzi. Nilimwambia kwamba katika kila mji ambao nimelala bila kujua kesho yangu, nimetulizwa na sauti ya polepole inayotafuta tundu kwa kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa pembe ya kitenge. "Na kwa nini hamukumuambia?" Majuto, wanasema, ni mjukuu. Mjukuu wa kwetu aliletwa na ile methali ya mgema, na nimechoka kumlea.

Nilipita Buyenzi mwaka juzi. Ule ua sasa ni duka la vipuri, sakafu yake ni ya saruji. Watoto siku hizi wana makanisa yenye vipaza sauti na viti vya plastiki, na bunduki za milimani zimenyamaza. Lakini makanisa madogo bado yapo kila ninapokwenda, na mchungaji wa kila moja bado ndiye pekee aliyesimama. Kama wewe ni mmoja wa wachungaji hao, na Jumapili umewahesabu watu kwa macho ukamaliza haraka, jua kwamba huenda sasa hivi kuna chakula kinaliwa mahali huku maneno yako yakirudiwa, na waliokizunguka hufunga midomo mbele yako kwa kudhani wanakulinda.

Mwezi uliopita nilisali katika kanisa la aina hiyo, nje kidogo ya mji ninaoishi kwa sasa. Wanapeana mikono kwa mstari. Nilipofika kwa mchungaji, kijana mwenye viatu vilivyochoka, alitega sikio lake tayari. Nikamwambia kwamba neno lake la leo nitaondoka nalo. Kisha nikamuuliza, "Na wewe, Pasta, umeamkaje?" Akaliinua sikio lake, akanitazama usoni. Mkono wangu hakuuachia, na nyuma yangu mstari wote ukasimama kumngoja.