Mjukuu Aliyewekewa Kiti

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuwarudisha watoto wa makao kwa jamaa zao, swali lao la kwanza huwa ni hili: "Kwani wana jamaa?" Siwacheki. Neno yatima linatufanya sote tufikirie mtoto asiye na mtu duniani. Lakini wengi wa watoto niliowahudumia hapa Kisii wana watu. Kuna shangazi Marani, kuna babu Masimba, kuna mama aliyeolewa tena mbali. Mtoto alifika kwenye makao kwa sababu mzazi alifariki, au mlezi aliugua, au kanisa lilimhurumia, kisha miaka ikapita. Kuwapata jamaa hao si kazi ngumu sana, maana mzee wa kijiji anajua kila boma lililo chini yake. Ugumu huja baadaye. Mtoto anaweza kufikishwa mlangoni kwao na bado akawa hajafika.

Nililielewa jambo hili vizuri kwa msichana mmoja wa miaka kumi hivi. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake akaenda kwingine, na nyanya yake, mzaa baba, alikuwa hospitalini wakati huo. Majirani wakampeleka kwenye makao akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Nyanya alipopona alimwacha huko kwa mapenzi, si kwa kumtupa. "Kule kuna shule na maziwa," aliniambia. "Mimi nilikuwa na nini?"

Sasa alikuwa na nguvu, chai yake ilikuwa inachumwa, ng'ombe alikuwa anakamwa, na alimtaka mjukuu wake. Lakini afisa wa watoto alinieleza wazi kwamba mtoto hatahamia hadi aseme mwenyewe kuwa yuko radhi. Tulikubaliana aende mara kadhaa kutembea, kisha likizo ya Desemba ikiisha, aulizwe. Akisema hapana, shauri lingeishia hapo, na nyanya hakuwa na mjukuu mwingine.

Boma lao liko juu kidogo ya Ekerenyo, mahali ambapo chai inateremka hadi mtoni na migomba imezunguka nyumba. Mara ya kwanza tulipofika, nyanya alikuwa amefagia hadi njia. Alimkalisha mtoto kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akamchinjia kuku, akampa chai na mkate. Majirani walikuja kumtazama. Mmoja wao, mke wa shemeji ya nyanya, mwanamke asiyeweza kupita kitu bila kukitania, alisimama mlangoni akapiga kofi.

"Wewe! Umepata mzungu na hata uwanja wa ndege hujaenda!"

"Nyamaza," nyanya akamwambia. "Mtoto anakula."

"Na huyu mwalimu wa ziwani, ametuletea samaki ama ametuletea mtoto tu?"

Mwalimu wa ziwani nilikuwa mimi. Nimezaliwa upande wa Nyanza wa ziwani na nikaja Kisii kwa kazi, na mpaka leo kila boma linanidai samaki.

Tulicheka sote isipokuwa msichana. Alikaa wima kitini, magoti pamoja, akisema asante kwa kila kitu. Alipotaka maji alimgeukia nyanya yake akasema, "Naomba ruhusa ninywe maji." Kwenye makao ndivyo tunavyowafundisha, kwa kuwa watoto ni wengi na bila utaratibu nyumba haiendeki. Nyanya aliyaleta maji mwenyewe, kisha akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya jikoni akijifuta macho kwa leso.

"Mtoto wa mwanangu ananiomba maji," alisema. "Kama anapita njia."

Mara ya pili mambo yalikuwa yale yale. Kuku mwingine, kiti kile kile. Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza msichana kama angependa kukaa kwa nyanya.

"Hapana, Anti. Nataka kukaa kule kwetu."

Alimaanisha makao. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyemkosea. Akatikisa kichwa.

"Nyanya ni mzuri. Lakini kule mimi ndiye hugawa uji wa wadogo. Nisipokuwepo wanamwagiana. Hapa nikishika ufagio wananinyang'anya. Nakaa tu. Nikikaa hivyo, nangoja kurudi."

Basi nikaona. Nyanya alikuwa amempa heshima yote aliyokuwa nayo, na kwetu heshima kubwa kabisa ni ile anayopewa mgeni. Kadiri alivyompenda, ndivyo alivyomkalisha. Na mtoto, ambaye si mjinga, alisoma ile heshima kwa usahihi: mgeni huondoka.

Niliporudi peke yangu kumweleza nyanya, hakupendezwa.

"Nimpe kazi? Hii mtoto imeteseka, halafu mimi niipe kazi?"

"Mama, si kazi ya kumchosha. Kazi ya nyumbani. Chukua hiki, weka pale. Akikosea, mkemee."

"Nimkemee!" Alinitazama kana kwamba nimemwambia amuuze. "Unajua watu watasema nini? Watasema nimemtoa Kisii aje kuchuma chai yangu bure."

Yule jirani mtani alikuwa ameketi pembeni akimenya ndizi, na kwa mara ya kwanza hakutania. "Tutasema," alikubali. "Tutasema wiki moja. Kisha tutachoka, tutamsema mtu mwingine. Mimi wangu nawafokea tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyehama."

Nyanya aliinuka akaenda kumtazama ng'ombe. Niliondoka bila kujua kama amenisikia.

Desemba nilimpeleka msichana akakae likizo yote, na nikamwahidi kwamba nitakuja kumwona kabla ya siku ya kuulizwa. Nilifika Ijumaa alasiri. Nyanya ni Msabato, na kwa Wasabato wa huko Ijumaa ni siku ya mbio: nguo za kesho zinapigwa pasi, kuni zinaingizwa ndani, na chakula cha Sabato kinapikwa kabla jua halijatua. Dereva wa boda boda aliniacha kwenye ua, na kabla sijabisha hodi nikasikia sauti ya nyanya ikitoka jikoni, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Umemwaga? Yote? Maziwa ya Sabato umemwaga!"

"Yalikuwa yameharibika, Magokoro!" Magokoro ni nyanya kwa Ekegusii. Sikuwa nimewahi kumsikia msichana akimwita hivyo. "Yalikuwa na mabonge! Yananuka!"

"Ni maziwa lala! Yananuka kwa sababu ndiyo hivyo yanatakiwa kunuka! Siku nne nayalaza kwenye kibuyu, wewe unakuja unakiosha na sabuni!"

"Si ulisema niwe msafi!"

"Nilisema miguu!"

Nilishika ua nikaomba Mungu. Msichana huyu, ambaye kwenye makao hakuna aliyewahi kumsikia akijibizana na mtu mzima, alikuwa amejibizana. Nilijua mambo mawili yanaweza kufuata: alie na kuomba nimrudishe, au...

Nyanya alianza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, na katikati ya kukohoa nikamsikia akisema kwamba kibuyu hicho hakijawahi kuona sabuni tangu alipoolewa, na kwamba sasa ng'ombe mwenyewe ataona haya kukitumia. Msichana naye akacheka, kwa shaka kwanza, kisha sana.

"Simama hapo ucheke, jua linatua," nyanya akamfokea tena. "Kimbia kwa yule mtani wa chini, atukopeshe maziwa. Mwambie umetumwa na nani?"

"Na wewe."

"Haya. Na usimwambie ni kwa nini. Huyo ukimwambia, kesho kanisa lote litajua."

Akatoka mbio na sufuria ndogo mkononi, akanipita pale kwenye ua. "Karibu, Anti," alisema bila kusimama. Akashuka kwenye kijia kati ya chai, miguu mitupu, akikwepa mawe kama mtu anayeyajua. Nikasikia jirani akiuliza kutoka chini, "Nani huyo anapiga mbio hivyo?" na sauti nyembamba ikajibu, "Ni mimi wa hapo juu! Nimetumwa!"

Mtu aliyelelewa kijijini anaelewa uzito wa jibu hilo. Mgeni hatumwi. Anayetumwa ni mtoto wa boma, na kila nyumba anayobisha hodi inajua imwambie nani akikawia.

Bila shaka jirani alikuwa amesikia kila kitu. Alimjazia sufuria na kumwambia kwa sauti ya kufika juu, "Mwambie nyanya yako nimekipenda kibuyu chake kipya!"

Msichana aliporudi, nilimfuata jikoni. Alikuwa akisukuma kuni kwa mguu na kufunika chungu cha chinsaga, mboga chungu ambayo kwenye makao hakuwa akiila hata kwa kubembelezwa. Nyanya alikuwa nje akiwafungia kuku. Nikaona ni wakati wa kumwandaa.

"Wiki ijayo afisa wa watoto atakuuliza unataka kukaa wapi," nilimwambia. "Hakuna jibu baya. Nataka ufikirie tu. Ama unaweza kuniambia mimi kwanza."

"Anti, si sasa," alisema, akitafuta kitambaa cha kushikia sufuria. "Jua linatua na sijaosha vyombo. Niulize Jumapili."

"Na likizo ikiisha, bado utakuwa hapa?"

Aligeuka akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani niende wapi?" alisema, kisha akaniomba nisogee kidogo, nilikuwa nimemzibia mwanga wa mlango.