Bati Moja la Jikoni

Kila Juni, masika ikishakwisha, Wegesa hukagua paa lake saa sita mchana. Hufunga mlango na madirisha, akasimama gizani katikati ya chumba na kutazama juu. Penye mwanga ndipo penye tundu. Hupenyeza unyasi mkavu pale, na aliyeko juu ya paa akiuona umechomoza anajua pa kupaka lami. Zamani aliyekuwa akipanda ni marehemu mumewe, Waitara. Mabati aliyanunua yeye, miaka ile wachimbaji wadogo walipokuwa wakitafuta dhahabu kwa sururu na karai, na kijiji kizima kikadhani umaskini umehama Tarime.

Kisha ukaja mgodi mkubwa. Watu wake wakapita wakiandika namba nyekundu kwenye kuta zetu. Wegesa akapata 214, na mimi Elkana, jirani yake, 215. Tukaambiwa tutalipwa tuhame, na tangu siku ile asiongeze mtu hata msumari. Sababu walikuwa nayo: wajanja walishaanza tegesha, yaani kusimamisha vibanda harakaharaka ili navyo vilipwe. Basi tukakaa mkao wa kula. Huu ni mwaka wa sita, na sahani haijaletwa.

Mgodi ukilipua mwamba, nyumba hutikisika, misumari hulegea kidogo kidogo, na mvua hupata njia. Mwaka wa kwanza Wegesa alihesabu matundu matatu. Mwaka jana alipofika arobaini aliacha. Mimi zoezi lile lilikuwa linanikera, maana hakuna aliyeruhusiwa kupanda kuziba, nikamuuliza anajitesea nini. Akanijibu kwamba anataka kujua mgonjwa wake anaumwa wapi.

Mgonjwa wa kweli alikuwa kitandani. Mama mkwe wake, Bhoke, haamki tena bila kushikwa, na masika ya mwaka huu kitanda chake kilihamishwa mara nne kutafuta pakavu. Kumpeleka kijiji cha Susuni kwa binti yake wa kumzaa haikuwezekana, kwa sababu Wegesa ndiye anayejua kumlisha na kumgeuza, na wakiondoka wote wawili nyumba itaandikwa kuwa haikaliwi. Nyumba isiyokaliwa hufutwa kwenye orodha ya malipo. Asubuhi moja ya Mei nilimkuta Wegesa uani anakamua blanketi la mkwewe kwa mikono miwili, maji yanachuruzika, na ndani kikongwe anakohoa.

"Baba Akech," akaniambia, "nisaidie kushusha bati moja la jikoni."

Alikuwa amelifikiria vizuri, au tulidhani hivyo. Bati jipya lingeng'aa na kumchongea. La jikoni lilikuwa la umri uleule, kutu ileile, na ni mali yake. Nani angejua? Nikashika ngazi, naye akakaza kanga kiunoni, akapanda mwenyewe akaliongeza kwenye paa la nyumba, usawa wa kitanda cha Bhoke. Tangu siku hiyo kikongwe akalala pakavu, na kikohozi kikaanza kupungua.

Juni wakaja wakaguzi wa mgodi. Kiongozi wao, kijana anayeitwa Faridu, alikuwa na adabu. Alimwamkia Bhoke shikamoo kabla ya kufungua faili lake. Ndani ya faili mlikuwa na picha za nyumba zetu, zilizopigwa siku ya kuandika namba. Akahesabu mabati kwa kidole, kwenye picha kisha kwenye paa. Jiko lilikuwa na sita, sasa lina matano. Nyumba imeongezeka moja.

Nikaeleza mpaka mate yakanikauka. Nikamwingiza ndani aone kitanda. Alisikiliza kila neno, akasema hata yeye ana wakubwa zake, na akiachia nyumba moja hataweza kuzuia nyingine. Kisha akachukua brashi akaifuta 214 kwa mstari mmoja. Nilitamani kumrushia jiwe.

Wegesa hakulia. Aliugusa ule mstari kwa kidole.

"Mwanangu," akauliza, "kwa hiyo sasa naruhusiwa kuezeka?"

Faridu akatazama viatu vyake. "Sasa fanya unavyotaka, mama."

Wegesa akauza ndama wake. Fundi Ramadhan akaja kutoka Tarime mjini na mabati mapya, akagonga siku tatu. Nami chini ya paa langu bovu nilisikia kila msumari, na nakiri, nilimwonea wivu.

Kazi ilipokwisha aliniita saa sita mchana. Akafunga mlango na madirisha. Nilikuwa sioni hata mkono wangu. Tundu hata moja halikuwapo, na Bhoke alikuwa amelala bila kukohoa. Nilingoja Wegesa acheke.

"Baba Akech," akasema gizani, "ninyi mtaondoka lini?"

Nikasema hatujui, labda mwakani.

"Mkishaondoka wote, mimi nitabaki hapa na nani?"

Mgodi ukalipua. Mabati mapya yakatetemeka, na sote wawili tukainua macho, tukingoja kuona mwanga utaingilia wapi.