Mfukiza Ghala na Wadudu Wazuri

Jua limeshapanda, na ndani ya ghala la nafaka mzee mmoja anatambaa kwa magoti kuzunguka rundo la magunia. Anabana ukingo wa turubai kwa mifuko mirefu ya mchanga, anaupapasa kwa kiganja, anarudi nyuma, anaupapasa tena. Hewa ya sumu ikipata upenyo wa kutorokea, fukusi wanaotoboa nafaka watapona na kazi yote itakuwa bure.

Usoni amevaa barakoa nzito ya mpira. Akishatoka na kufunga mlango anaivua, anajifuta jasho, na mkono wake wa kulia unaingia mfukoni mwa shati. Unatoka mtupu.

"Mkono haujapata habari," anasema, na kucheka kidogo.

Wapakiaji wa hapa humwita Bwana Moshi. Jina hilo lina sababu mbili, na yeye hakatai hata moja. Ya kwanza ni kazi: amefukiza nafaka tangu ujanani, na sasa ana miaka sitini na tisa. Ya pili ni sigara. Walikuwa wakimtania kwamba ndiye binadamu pekee anayevaa barakoa kuukimbia moshi, kisha anaivua ili aufuate.

Yeye hakuona kichekesho. Kwake sigara ilikuwa dawa.

"Mimi kazi yangu ni kuua wadudu," anaeleza, ameketi juu ya gunia tupu lililokunjwa. "Nimeona kwa macho yangu, ukifukiza, mdudu anakufa. Sasa tumbo liliponisumbua nikajiambia, kwani humu ndani namo si ghala? Nikila, nafukiza."

Basi akafukiza. Sigara baada ya chai, sigara baada ya chakula cha mchana, mbili baada ya cha usiku, na nyingine za kuhakikisha. Tumbo halikuwa na shukrani. Lilijaa gesi, likafunga, likaharisha, na mwili ukapungua mpaka mkanda wa suruali ukaongezwa matundu kwa msumari. Kila ugonjwa ulipozidi, naye alizidisha dawa.

Mwaka huu bintiye, fundi cherehani anayeishi naye, alimshika mkono akampeleka zahanati. Daktari, mama mmoja wa sauti ya taratibu, alimpima, akamhoji, kisha akamwambia kwamba tumboni mwa kila mtu mna wadudu wazuri.

"Nikamwambia, 'Daktari, mimi mdudu mzuri namjua mmoja tu, nyuki.'"

Daktari alicheka, ila hakuishia hapo. Alimweleza kwamba ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyosaidia kusaga chakula na kuwazuia wakorofi wasitawale. Umri ukisonga, vile vizuri huweza kupungua. Na watafiti wamekuwa wakiona kwamba wazee wanaovuta sigara huwa na mchanganyiko wa vijidudu ulio tofauti na wa wenzao wasiovuta.

"Siwezi kuapa kwamba tumbo lako limeharibiwa na sigara peke yake," alimwambia. "Hayo bado yanachunguzwa. Lakini mzee wangu, sigara haijawahi kuwa dawa ya tumbo. Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe. Ila palikuwa na mtu mmoja aliyeambiwa hivyo na yeye, na alipomkumbuka, kiti cha zahanati kikamwia moto.

Mkewe hakuwa mvutaji. Alianza ukubwani, siku alipolalamika kwamba tumbo linamkata. Mumewe akawasha sigara, akampa. Vuta kidogo, akamwambia, ufukize. Mama wa watu akakohoa, akavuta. Kuanzia hapo ikawa desturi yao: wakishakula, vigoda viwili kwenye mlango wa uani, kiberiti kimoja, maongezi mpaka usingizi uje. Desturi ilidumu hadi kifua cha mama kilipokataa. Sasa ana miaka miwili kaburini.

"Daktari wa kifua alitwambia wazi kwamba ni sigara," anasema mzee. "Hilo nililimeza. Nikasema, angalau tumbo nilimsaidia. Nilikuwa na hilo moja la kujishikiza. Sasa na hilo limekatika."

Walipotoka zahanati alimweleza bintiye yote, njiani, bila kumtazama. Alitegemea kulaumiwa, na pengine aliitaka hiyo lawama. Walipofika nyumbani ndipo bintiye alipomjibu.

"Baba, mama tumbo lilimuuma siku za mwanzo tu," alimwambia. "Aliniambia mwenyewe. Alisema, 'Baba yako kutwa yuko kwenye magunia. Nikiikataa sigara yake, nitakaa naye saa ngapi?'"

Binti alidhani anamtua baba yake mzigo. Mzee aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia kama mtoto.

"Si angesema tu," anasema, huku akilikunjua gunia na kulikunja upya. "Ningekaa naye hata bila kitu mkononi. Ningekaa."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Huyu wa kwake amekuja na mizigo yake, amehamia.

Tangu siku ile hajavuta, na si kwamba ni rahisi. Anakula mboga na matunda kama alivyoagizwa. Siku moja tumbo linatulia, siku ya pili linamkumbusha ya zamani. Daktari alimwambia kwamba mtu akiacha, hali ya tumbo huweza kutengemaa polepole, lakini hakumtajia lini. Hilo halikumsumbua.

"Ghala ukishalifukiza huingii tu," anasema. "Unafungua milango, unaliachia muda lipumue."

Msimu ujao anakusudia kuwaachia wenzake kazi ya sumu. Atakaa nyumbani na sindano yake ya magunia, ashone yaliyotoboka, jirani na cherehani ya bintiye. Anataka kazi ambayo mtu anaweza kuketi karibu nayo.

Jioni, wakishakula, bado anatoa vigoda vyote viwili. Bintiye huketi kwenye kile cha mama yake, mikono mitupu.

"Mimi nimefunguliwa milango," mzee anasema. "Mama yake sikumfungulia."