Moyo wangu ulitaka selenium, mke wangu akasikia Selina

Wakuu, habari zenu. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke.

Mwanzoni mwa 2008, zile fujo za baada ya uchaguzi. Mimi fundi viatu wa Mashimoni, Kibera. Nilikuwa nimemtembelea kaka yangu mtaani Kabiro, kule Kawangware, barabara zikafungwa. Mke wangu Mwende akabaki Kibera peke yake.

Tulikula ugali mkavu siku kadhaa. Moyo ukaanza kudunda ovyo. Niliogopa sana, sitajifanya shujaa hapa.

Kaka akanipeleka kwa nesi jirani. Akanipima, akasema kubwa ni wasiwasi, njia zikifunguka niende hospitali.

"Na chakula pia, brathe. Moyo unahitaji madini ya selenium. Iko kwa mayai, iko kwa omena, wale dagaa wa ziwani."

Neno jipya kabisa hilo. Nikalikariri njia nzima.

Nikampigia Mwende. Network mbovu, betri inakata roho. Nikapiga kelele: "Moyo wangu unataka selenium! Iko kwa omena!"

Simu ikazima.

Sasa, pale Mashimoni jirani yetu anayeuza omena anaitwa Selina. (Mnaona shida inapoanzia?)

Siku ya tatu asubuhi, mlango wa kaka ukagongwa karibu ung'oke. Mwende! Vumbi mpaka magotini.

"Moyo wako unataka Selina, eh? Nimemuuliza, ameapa hana habari. Sema wewe sasa!"

Nikamtajia neno herufi moja moja. Kaka alikuwa chini anagaagaa kwa kicheko.

Nikamuuliza alipitaje vizuizi. Kumbe kila kizuizi alieleza shida yake tu. Vijana wa upande huu na wa upande ule, waliokuwa hawaelewani kwa lolote, wote walimwambia: "Mathe, pita. Huyo jamaa ashughulikiwe."

"Lakini Mwende, ungeuawa njiani!"

"Nilikuwa nakuja kukuua mimi, kabla huo moyo haujakuua."

Halafu akakaa chini akalia. Nami nikalia. Tangu simu izime nilikuwa sijui kama yuko hai.

Funzo: selenium ni nzuri kwa moyo, lakini kidogo inatosha. Kula samaki na mayai, usimeze vidonge kiholela bila kupimwa. Na jina la kitaalamu litume kwa SMS.

Haya, semeni na nyinyi. Wakati ule, nani aliwatafuta kwa miguu?