Hotpoti la Karatasi za Mama Zuhra

Saa kumi na mbili asubuhi, Masasi. Kirikuu nyeupe imeegeshwa nyuma ya soko, imejaa ndoo, mabeseni na viroba vya unga vya kupeleka Newala. Mwenye gari, Stamili Hamudi, anapanda upande wa kushoto, anashuka, anazunguka kukagua matairi, anapanda tena. Kwenye usukani ameketi Gwakisa, dereva aliyemwajiri.

"Mama Zuhra, tulia basi," anasema Gwakisa. "Matairi umeyaangalia mara tatu."

"Niache. Ungekuwa wewe ungetulia?"

Miguuni pake kuna hotpoti la bluu. Asiyemjua angedhani limebeba mihogo. Ndani mna kadi ya gari, cheti cha bima, risiti na nakala ya hukumu ya mahakama. Anasema humo haliingii vumbi wala maji, na hakuna mwenye adabu anayefunua chakula cha mtu mzima.

Stamili, mwenye miaka 46, amefungiwa kuendesha kwa miezi sita. Alilipita lori la korosho kwenye kona ya mteremko wa Newala, akamgonga mwendesha bodaboda, Ashiru wa Lupaso, na kumvunja mguu.

"Nilikuwa na haraka. Haraka ya nini? Ya mabeseni!" anasema, na hacheki.

Tangu hapo anakaa kushoto ndani ya gari lake mwenyewe. Kila wakifika kwenye kona, mguu wake wa kulia unakandamiza sakafu, unatafuta breki. Kapeti mahali hapo limeshatoboka.

Jumatatu adhabu inakwisha. Tatizo ni kwamba bima yake kubwa inaisha Jumapili, na fomu ya kuihuisha inauliza kama mwombaji amewahi kufungiwa kuendesha. Akijibu ndiyo, kampuni inaweza kumkataa. Bima ndogo, ile ya kuwalipia wanaogongwa tu, angeipata upesi, lakini duka la Newala linalompa mzigo halipakii kwenye gari lisilo na bima kubwa. Mzigo huo ndio unaomlisha yeye na kumsomesha Zuhra, bintiye aliyeko chuo cha ualimu. Zamani alibakiwa na shilingi elfu ishirini na saba kwa siku. Sasa, akishamlipa Gwakisa, hubaki na elfu kumi na mbili.

Wakala wake wa bima, Cyril, alimpa ushauri mwepesi: "Weka hapana, Mama Zuhra. Nani atafukua makaratasi ya mahakama?"

Stamili hakuandika kitu. Alikwenda na fomu hadi Lupaso, kwa Ashiru, ambaye siku hizi anatembea ila anachechemea.

"Mguu wangu umetibiwa kwa bima yako, dada," Ashiru alimwambia. "Ukidanganya humo wakagundua, atakayegongwa baada yangu atatibiwa na nani?"

"Hakuna atakayegongwa baada yako!"

"Hata mimi hukupanga kunigonga."

Stamili anakiri kwamba maneno hayo yalimchoma. Aliilaza fomu juu ya kifuniko cha hotpoti, akaandika ndiyo, mbele ya Ashiru.

Leo ni Ijumaa, siku ya nne tangu aipeleke, na jibu hakuna. Njia nzima anaangalia simu, anaiweka, anaiangalia tena. Hata mwandishi wa makala haya, aliyebanwa kati yao kwenye kiti, anajikuta naye anaichungulia.

"Wakikataa nitaliegesha gari," anasema. "Jibu langu silifuti."

Wanapofika Newala, kabla ya kushusha hata ndoo moja, simu inaita. Ni Cyril. Sauti yake inasikika garini kote: kampuni haijakataa, ila inataka kuona hukumu ya mahakama leo hii, kabla ya saa sita. Anaomba radhi, anajua karatasi kama hizo watu huwa wanazi...

"Ninayo," anasema Stamili. Hotpoti liko wazi tayari.

Anaipiga picha, anaituma, anaikunja karatasi taratibu na kufunika. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono yake imetulia. Ana mpango wa kugawana siku na Gwakisa, tatu kwa tatu, asimwache bila kazi.

"Wakikubali, Jumatatu naanza mimi," anamwambia. "Wewe utakaa huku, kwenye tundu."

Gwakisa anachungulia kapeti lililotoboka. "Na nikiona unakimbia?"

"Kandamiza."