Tijani na Farasi Namba Saba

Tijani ben Amara hajawahi kuweka dau maishani mwake. Lakini Jumapili, siku ya mbio za farasi hapa Ksar Said, hakuna anayeweka dau lake kabla ya kumsikia.

"Kucheza haramu," husema. "Kusema halali."

Hukaa mkahawani kwa Hamadi, mkabala na lango la uwanja wa mbio, mgongo ukutani. Alikuwa mtunza farasi mpaka dume mmoja alipompiga teke la nyonga. Tangu hapo anatembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na macho nayo yamekuwa mabovu kwa vitu vya karibu. Kwa hiyo Hamadi humsomea gazeti la mbio kwa sauti, jina moja moja, na Tijani hujibu. Ukimnunulia kahawa, lazima akujibu kuhusu farasi yeyote utakayemuuliza, hata awe wa ndugu yake. Mchambuzi akimruka farasi mmoja tu, watu husema huyo ameshanunuliwa, na habari zake zinaishia hapo.

Mimi nakaa naye tangu Zbeida, mke wangu, afariki. Zamani nilikuwa nasikiliza nikiwa wima, kisha narudi nyumbani kumsimulia. Zbeida hakujali nani atashinda. Alipenda majina ya farasi tu. Sasa nayasikia yote na sina wa kumpelekea. Basi nakaa.

Tijani ana mtoto mmoja, Mahrez. Huyo alikua mazizini, akawa mpanda farasi, na alikuwa na mikono mizuri. Farasi mkorofi akimpata Mahrez mgongoni hutulia. Lakini mwili ulikataa kubaki mdogo. Mabega yalipanuka, mifupa ikawa mizito, na kila mwaka wenye farasi wakapungua kumwita. Alibaki na Si Ghazi peke yake ("Si" kwetu ni Bwana), mfunzaji wa farasi mwenye zizi upande wa Manouba. Mwishowe Si Ghazi naye akamwambia: Jumapili hii utampanda Ghzela, mbio za nne. Ukiingia katika watatu wa kwanza, tunaendelea. Usipoingia, utafute kazi nyingine.

Ghzela alipangiwa kubeba kilo hamsini na mbili, mpandaji pamoja na tandiko. Mahrez mwenyewe alikuwa na hamsini na saba.

Wiki nzima hakugusa mkate. Jumamosi alasiri nilikuwa hamamuni, nikamkuta na baba yake kwenye chumba cha joto. Amevaa koti la sufi na juu yake nailoni, amekaa kwenye jiwe la moto kabisa, jasho linamtiririka mpaka vidoleni. Akaomba maji. Baba yake akampa. Akasukutua, akatema.

"Meza kidogo," Tijani akasema.

"Nikimeza, baba, yanaingia kwenye mizani."

"Funda moja tu."

"Funda moja nalo lina uzito."

Aliposimama kutoka, magoti yalimwangusha. Tulimshika mimi huku, Tijani huku. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kama ya mzee, kama yangu. Alicheka. Akasema ni joto tu. Tijani hakucheka. Mwaka jana kijana mmoja mpanda farasi kutoka Sidi Thabet alizimia mbioni kwenye kona ya mwisho, na farasi waliokuwa nyuma hawakupata pa kumkwepea. Tijani alikuwa amesimama kwenye uzio siku ile.

Njiani alimwambia mwanawe aache. Mahrez akamjibu kwa adabu, "Baba, nikiacha hili nitakuwa nani?"

Jumapili mkahawa ulijaa. Hamadi akafungua gazeti.

"Mbio za nne. Namba moja, Sultan wa Baja?"

"Sura nzuri. Mvishe maua umpeleke harusini, usimpeleke mbioni."

Watu wakacheka.

"Namba tatu, Labyad?"

"Huyo ni wa mchanga wenye maji. Leo mchanga mkavu. Atakuwa anatafuta kivuli."

"Namba tano, Rihana?"

"Mwekeni wa pili. Hajawahi kushinda na hajawahi kuchoka. Kama mke wa Hamadi."

"Ammi Tijani, mwache mke wangu anywe chai yake," Hamadi akasema. Akageuza gazeti. "Namba sita hayupo, ameondolewa. Namba saba, Ghzela. Mpandaji…" Akanyamaza. "Mpandaji unamjua."

Mukhtar muuza nyama akasukuma kikombe kipya mbele ya Tijani. "Haya, kahawa yangu hiyo. Namba saba. Na usitufiche kwa sababu ya damu."

Tijani alikizungusha kile kikombe kwenye kisahani chake. Hakunywa.

"Msiangalie mbio zake mbili za mwisho," akaanza. "Zile za kwanza zilikuwa fupi, na yeye ni mzito kuamka. Alipoamka wenzake walikuwa wameshafika. Zile za pili mchanga ulikuwa uji, na Ghzela anachukia uji. Leo ni mita elfu moja na mia sita, mchanga mkavu, na mzigo wake ni mwepesi kuliko wa wote. Jumatano nilimwona akitoka mazoezini. Pua zake hazikutanuka hata kidogo. Ungedhani katoka kulala."

"Basi wa kwanza!" Mukhtar akapiga meza. "Baba mwenyewe kasema! Hamadi, niazime kalamu."

"Mwacheni," Tijani akasema.

"Tumwache nani?"

"Namba saba. Mwacheni."

Mukhtar akainama mezani. "Ewe Tijani, umesema farasi ni wa kwanza."

"Farasi ni wa kwanza. Aliye juu yake hana mikono leo. Wakifika mita mia mbili za mwisho atakuwa amekumbatia shingo ili asianguke. Hatamwendesha. Atakuwa mzigo tu."

"Huyo ni mwanao!"

"Umeuliza, nimejibu."

"Mama yake akisikia, leo utalala na paka."

Hakuna aliyecheka. Mlangoni alikuwa ameketi Hattab, mtunza farasi wa Si Ghazi, na mkate wake uliopakwa harisa ya pilipili mkononi. Aliinuka kabla ya kuumaliza, akatoka, akavuka barabara kwa haraka kuelekea uwanjani.

Sijamuuliza Tijani kama alikuwa amemwona Hattab pale. Macho yake ni mabovu kwa karibu, na mlango uko mbali. Nadhani alimwona.

Tuliingia uwanjani mapema. Mahrez alikuwa kwenye chumba cha mizani. Mzani ulimkubali, kilo hamsini na mbili kamili pamoja na tandiko. Alikuwa ameshavaa shati la zizi, la njano na mikono myeusi. Ndipo Si Ghazi akaingia na kumwambia alivue. Nilikuwa dirishani, niliona. Hakubishana. Vifungo vilimshinda kwa vile vidole vyake, ikabidi Hattab amsaidie. Shati akapewa kijana mmoja kutoka Susa. Mahrez akabaki na fulana.

Wakatangaza kwenye spika kwamba mpandaji wa namba saba amebadilishwa. Wachache walikimbilia dirisha la dau kumwekea Ghzela. Wengi, watu wa Tijani, walikuwa wameshamwacha saba na kumwekea Rihana ushindi.

Ghzela alianza nyuma kama Tijani alivyosema, mzito wa kuamka. Kwenye kona ya mwisho aliamka. Kijana wa Susa hakufanya chochote, alikaa tu na kushika hatamu. Akashinda kwa urefu wa farasi watatu. Rihana akawa wa pili.

Mukhtar alitufuata mpaka kwenye uzio. "Umetumaliza, Si Tijani! Umemmaliza mtoto, umetumaliza na sisi! Ungekaa kimya tu ungekufa?"

Tijani hakugeuka. Alikuwa anamtafuta Mahrez kwa macho. Mahrez alikuwa ameshaondoka.

Tukaenda mazizini. Si Ghazi alikuwa anampapasa Ghzela miguu, na jike lilikuwa linafukua majani kwa mdomo kana kwamba halikufanya lolote siku ile.

"Si Ghazi," Tijani akasema. "Mrudishe."

"Nani?"

"Unamjua."

Si Ghazi akasimama, akafuta mikono. Yeye si mtu mbaya. "Tijani, miaka yote wenye farasi wakiniuliza huwaambia subirini, nisikie kwanza Tijani kasemaje. Leo nikusikie, kesho nisikusikie?"

"Ilikuwa njaa tu. Ana mikono yule. Akila wiki moja mikono inarudi."

"Akila, kilo nazo zinarudi."

Tijani akaegemea mlango wa zizi.

"Akila hapiti mzani. Asipokula hana mikono. Maneno yako hayo, nami nayakubali. Sasa niambie wewe, mchambuzi. Nimweke kwenye mbio zipi?"

Nilimtazama Tijani. Nimemsikia akijibu kuhusu farasi vilema, farasi wazee, farasi ambao hata wenyewe walishawakatia tamaa. Kila mmoja alikuwa na siku yake: mbio ndefu kidogo, mchanga wa namba fulani, washindani dhaifu. Midomo yake ilikuwa inakwenda, kama anapitia mbio zote za mwaka, moja baada ya nyingine.

"Hakuna," akasema.

"Basi," akasema Si Ghazi, na akarudi kwenye miguu ya Ghzela.

Tulirudi polepole kwa ajili ya nyonga yake. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto yuko hai. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi watu waliniambia mengi ya namna hiyo mwaka huu, na hakuna lililonisaidia. Nikamshika mkono tukavuka barabara.

Mahrez alikuwa ameketi kizingitini. Mama yake alikuwa amemkaangia mayai na pilipili na viazi, sahani kubwa, na mkate mzima kando. Alikuwa anakula kwa mikono miwili, mafuta yanamchirizika mpaka viwikoni, na hapumziki. Tijani akasimama mbele yake. Hakuweza kupita, kwa kuwa mlango ulikuwa ndio huo.

"Ameshinda kwa urefu wa farasi watatu," Mahrez akasema bila kuinua uso. "Nimesikia kwenye spika nikiwa barabarani."

"Naam."

"Hakumfanya chochote yule kijana. Alikaa tu."

"Alikaa tu."

"Hata mimi ningeweza kukaa, baba."

Tijani akahamishia uzito kwenye mguu mzima.

Mahrez akamega mkate, akaupangusa sahanini pote, akautia mdomoni, akatafuna. Akasogea upande mmoja wa kizingiti ili baba yake apite.