Nani Ameshika Ndege

Baba mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni, wala mimi sikumtazama. Kwetu Rungwe mkamwana na baba mkwe walikuwa wanakwepana. Nikimsikia anakohoa njiani naingia migombani mpaka apite, na ndani ya chumba kimoja hatukuketi. Wengi wa rika langu walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, hasa walioolewa mjini. Yeye, mzee wa kanisa na mkulima wa chai kule Kyimo, hakuiacha. Mimi ni mtu wa kuudhika upesi, lakini hilo halikuniudhi, kwa sababu nilijua ndivyo alivyofundishwa kuniheshimu.

Tukiwa na la kuambiana lilipita kwa mama mkwe. Alikuwa na kigoda chake mlangoni mwa jiko la mianzi, hapo akimenya ndizi. Mimi nilikaa ndani karibu na moto, mzee nje chini ya upenu, ukuta katikati yetu. Mianzi ina nyufa, kwa hiyo kila neno tulilisikia wote watatu, ila lilihesabiwa kuwa limesemwa pale tu mama alipolirudia. Naye hakuwa mkalimani mwaminifu hata kidogo. Ningeeleza jambo mpaka koo likauke, yeye anageuka nje na kusema, "Anasema ndiyo."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, maduka ya Tukuyu yamejaa redio na mitumba. Nilikuwa fundi wa ndege Dar es Salaam, na kazi yangu ilikuwa kupima na kutengeneza vyombo vya chumba cha marubani, ikiwemo otopailoti, mashine inayoishika ndege badala ya rubani. Moyo wa mzee ukaanza kumsumbua. Daktari wa misheni alisema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa, na bila upasuaji hangeiona masika nyingine. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa kwenda kufanyiwa India. Mipango ikakamilika, mume wangu akapangwa kumsindikiza, halafu mzee akakataa kwenda.

Aliyeharibu mambo alikuwa mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, aliyezoea kwenda Dubai kufuata mali. Safari moja aliruhusiwa kuchungulia chumba cha marubani, na tangu hapo hakuwa na hadithi nyingine. Alisimulia kuwa rubani alikuwa ameweka mikono mapajani, anakunywa chai, na ndege inajiendesha yenyewe. Watu dukani walicheka. Mzee alirudi nyumbani akasema kama ni kufa atafia kwenye migomba yake, si ndani ya kitu ambacho hakikushikwa na mtu.

Mume wangu, aliyekuwa ametangulia Kyimo, alinipigia simu nije haraka. "Mwambie mashine hiyo haiharibiki kamwe," aliniomba. "Wewe atakusikia."

Nikafika. Mvua ilikuwa ile yetu ya Rungwe isiyo na haraka ya kuisha. Mama aliketi mlangoni, na kabla sijamaliza kuwasha moto sauti ya mzee ikaja kutoka upenuni.

"Mwulize mwenzako. Nani ameshika?"

"Unaulizwa nani ameshika," mama alisema.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na maneno yote ya darasani yakanitoka. Nikamtazama mama. Nikamwuliza, alipokuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, ni nani aliyeiamuru shingo yake.

"Nani aiamuru? Inajua yenyewe."

"Basi ndivyo ilivyo," nilisema, nikapaza sauti kidogo. Nikaeleza kwamba ndani ya ndege kuna vyombo vinavyozunguka kama zile pia wanazochezea watoto, na pia kama hiyo ikizunguka kwa kasi haikubali kulala. Kwa vyombo hivyo, mashine inajua ndege imeinama kiasi gani. Rubani anaiambia, shika upande huu, kimo hiki. Mashine inalinganisha ilichoambiwa na kilichopo. Ikiona tofauti inasogeza vipande vinavyocheza kwenye mabawa na mkiani, kidogo kidogo, mpaka tofauti iishe. Haiwazi. Haijui India iko wapi mpaka iambiwe.

"Na mwendo?" mzee aliuliza. Mama akasahau kurudia, nami nikajibu tu.

Nilisema kuna mtambo mwingine wa mwendo. Pua ya ndege ikipanda, mwendo unataka kupungua, kwa hiyo mtambo unaongeza nguvu ya injini. Ikishuka unapunguza, ili mwendo ubaki ule ulioamriwa. Katika ndege nilizozitengeneza, vishikio vya injini husogea vyenyewe mbele na nyuma, unaviona kwa macho, na rubani makini huweka mkono juu yavyo bila kukaza, hasa wakati wa kuruka na kutua. Akitaka kuvichukua anavichukua. Na marubani wawili wanapopokezana ndege, anayepokea lazima atamke, "Nimeshika." Asipotamka, mwenzake haachii.

Mvua ikaendelea. Mama alikuwa ameacha kumenya.

"Mwulize," mzee alisema polepole. "Inaharibika?"

Mama hakurudia. Alinitazama tu, na macho yake yaliniomba kile kile alichoniomba mume wangu. Niliogopa, sitaficha. Nikisema haiharibiki atapanda, na nitakuwa nimemdanganya mtu mzima aliyeniheshimu tangu niolewe. Nikisema inaharibika atabaki, na tutamzika kabla ya masika.

"Mwambie baba inaharibika," nilisema. "Isingeharibika nisingekuwa na kazi. Ila mwambie kuna king'ora. Mashine ikiachia, king'ora kinalia na taa nyekundu inawaka, na havinyamazi mpaka rubani abonyeze kitufe kilichopo kwenye usukani. Mkono unaokinyamazisha unakuwa tayari umeshika."

Nilianza kumchukia yule wa Dubai upya.

"Kwa hiyo inaaga," mzee alisema.

Mama aligeuka kwangu, akafuta mikono kwenye khanga. "Anasema atakwenda," akanitafsiria. Mzee mwenyewe hakuwa amesema hivyo, lakini hakumkanusha.

Akaenda, akapasuliwa, akarudi amekonda na anapumua vizuri. Nilipokwenda likizo alikuwa na habari, na safari hii mama alizifikisha zote bila kuzikata. Walikuwa wamempeleka mbele, kwa marubani. Ameona vishikio vinasogea vyenyewe, na mkono wa rubani umevifuata kwa juu. Ameulizwa na yule rubani kama anaogopa, akajibu kwamba nyumbani kwake wanazitengeneza hizi. "Ndaga fijo, anasema," mama alimalizia, akacheka, maana asante hiyo nyingi nilikuwa nimeisikia mwenyewe.

Tangu siku ile tulizungumza sana, kila nikija. Aliuliza kuhusu mawingu, kuhusu upepo wa ubavuni, kuhusu ndege inayotua kwenye ukungu kama wa kwetu. Kigoda kilikuwa palepale mlangoni. Moyo wake uliotengenezwa ulidai kidonge kila jioni bila kukosa, na mama ndiye aliyekitoa kwenye kopo la kakao, na kikombe cha maji.

Tuliyekuwa tukimwogopea ni mzee. Mama hakuwa na ugonjwa unaojulikana. Alikuwa shambani anachuma majani ya chai, akainama, hakuinuka. Simu ilinikuta kazini. Nilipofika Kyimo ua umejaa watu na vilio, na sikumbuki nilikuwa nawaza nini zaidi ya kwamba sitasikia tena maneno yangu yakikatwa vipande.

Baada ya maziko, jioni, watu walipopungua, niliingia jikoni. Kigoda kilikuwa mlangoni, hakuna aliyethubutu kukikalia. Nikamsikia mzee anakuja na fimbo yake, anaketi chini ya upenu mahali pake. Nilidhani atanyamaza mpaka mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunifikishia lolote. Nilitaka kulia kwa sauti nikajizuia, nikihofu ataondoka.

"Mwambie mwenzako," alisema.

Alikuwa anakiambia kigoda.

"Mwambie, yeye alisema ikiachia inaaga. Huyu hakuaga. Asubuhi alinipa uji, akachukua kikapu chake." Akavuta pumzi, na ilichukua muda kutoka. "Sasa mwulize. Nani ameshika?"

Nikatazama rafu. Kopo la kakao lilikuwa pale pale, na katika pilikapilika za msiba hakuna aliyelikumbuka, hata yeye. Nilitoa kidonge, nikachota maji kwenye kikombe cha mama, nikaenda mlangoni nimeinamisha uso. Nikaviweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma ya ukuta.

"Mwambie baba," nilisema, "nimeshika."

Nikasikia fimbo ikigusa chini. Kisha nikasikia kikombe kikiinuliwa.